Ukungu Unaporudi Baada ya Upasuaji wa Mtoto wa Jicho: Namna ya Kutibiwa kwa Leza

Watu wengi waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho huona vizuri kwa miezi au miaka kadhaa, kisha nuru huanza kufifia tena polepole. Maandishi yaliyokuwa yakisomeka bila taabu hufunikwa na kitu kama ukungu, taa za magari usiku hutawanyika na kuumiza, na mtu aliyesimama mlangoni huku jua likiwa nyuma yake hatambuliki mpaka azungumze. Hapo ndipo husemwa nyumbani kwamba mtoto wa jicho amerudi, au kwamba daktari aliyepasua alikosea, na wapo wazee wanaokata tamaa na kuishi na hali hiyo kwa miaka mingi ilhali tiba ipo na ni fupi.

Mtoto wa jicho harudi. Lenzi ya asili iliyokuwa imechafuka ilishatolewa, na lenzi bandia iliyowekwa mahali pake haipati ugonjwa huo. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba utando mwembamba ulio nyuma ya lenzi bandia umeingia ukungu, na utando huo hufunguliwa kwa leza katika dakika chache, bila kisu, bila nyuzi na bila kulazwa. Hata hivyo, leza hii hutibu tatizo moja tu. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kuhakikisha kwamba tatizo lako ndilo hilo, kabla ya kueleza namna ya kujiandaa, yatakayofanyika chumbani, na dalili za kuangalia baadaye.

Ukungu huo unatoka wapi

Lenzi ya asili ya jicho hukaa ndani ya kifuko chembamba kinachopitisha mwanga. Katika upasuaji wa kawaida wa siku hizi, uwe ule wa mashine inayovunjavunja lenzi kwa mitetemo au ule wa tundu dogo lisiloshonwa unaofanywa sana katika hospitali zetu na katika kambi za macho, daktari hufungua ukuta wa mbele wa kifuko hicho, hutoa lenzi iliyochafuka, kisha huweka lenzi bandia ndani yake. Ukuta wa nyuma huachwa mzima kwa makusudi, kwa sababu ndio unaoishikilia lenzi bandia na kuuzuia ute uliojaa sehemu ya nyuma ya jicho usisogee mbele. Unene wa ukuta huo ni mikromita chache tu, yaani sehemu chache za elfu moja za milimita.

Daktari hata awe hodari namna gani, hawezi kuondoa kila seli iliyobaki kwenye kingo za kifuko. Seli hizo huendelea kuzaliana na kutambaa kuelekea katikati ya ukuta wa nyuma. Baadhi hufura na kuwa vilengelenge vidogo vinavyong’aa kama lulu, na nyingine hujigeuza nyuzinyuzi kama za kovu zinazoukunja utando. Mwanga ukipita hapo hutawanyika badala ya kufika nyuma ya jicho ukiwa umenyooka. Hayo si maambukizi, si uzembe wa mpasuaji, na hayasababishwi na mgonjwa kuinama shambani au kupikia kuni. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 1998 ulikadiria kwamba hali hii huwapata takriban asilimia 12 ya macho yaliyopasuliwa kufikia mwaka mmoja, asilimia 21 kufikia miaka mitatu, na asilimia 28 kufikia miaka mitano. Lenzi zilizobuniwa baadaye, hasa zile laini za akriliki zenye ukingo mkali unaozizuia seli kutambaa, zimepunguza kiwango hicho lakini hazijakimaliza.

Lenzi ngumu za plastiki, za aina ambayo Harold Ridley aliiweka kwa mara ya kwanza katika jicho la mgonjwa mjini London mwaka 1949, huwa na utando huu zaidi kuliko zile laini. Bado zinatumika sana Afrika Mashariki kwa sababu ni za bei nafuu, na unafuu huo, uliochangiwa na viwanda kama Aurolab cha Madurai nchini India kilichoanza mwaka 1992, ndio uliowafanya wakulima na wavuvi wasio na bima waweze kupasuliwa. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kukataa lenzi ngumu kwa kuogopa utando. Ni afadhali kuona leo na kurudi kwa leza baadaye kuliko kusubiri gizani.

Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni utando

Dalili za utando huja taratibu na bila maumivu. Jicho halina wekundu, halitoi tongotongo, wala haliumi. Ni uono tu unaopungua kwa wiki na miezi, mwanga mkali unakuwa adui, na rangi zinapauka. Jipime mwenyewe nyumbani kwa kufunika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, ukitazama kalenda iliyo ukutani au kibao cha duka la jirani, kisha ubadilishe jicho. Rudia zoezi hilo ukiwa umesimama mahali palepale baada ya wiki kadhaa. Wagonjwa wengi hugundua kwa njia hiyo kwamba jicho lililopasuliwa limekuwa likififia muda mrefu huku lile jingine likibeba mzigo wote.

Jambo la haraka ni tofauti kabisa. Ikiwa jicho lililopasuliwa linauma, limekuwa jekundu, au limepoteza nuru ndani ya saa au siku chache, hasa katika siku na wiki za kwanza baada ya upasuaji, usisubiri miadi wala kliniki ya juma lijalo. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa maambukizi ya ndani ya jicho huweza kulipofusha kabisa. Vivyo hivyo ukiona mimweko ya mwanga, vidoa vyeusi vingi vilivyotokea ghafla, au kivuli kama pazia linaloshuka upande mmoja, hizo ni dalili za retina kubanduka, na hapo kila saa ina thamani. Retina ni tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, na hakuna leza ya utando inayoweza kuirudisha mahali pake.

Yapo pia magonjwa ya polepole yanayofanana na utando. Kisukari huharibu mishipa midogo ya retina na kuleta ukungu. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, hula uono wa pembeni kimya kimya. Sehemu ya katikati ya retina huweza kuvimba wiki kadhaa baada ya upasuaji, na kwa wazee huweza kuchakaa kwa umri. Wakati mwingine, na hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, mgonjwa anahitaji miwani tu, kwa sababu lenzi bandia ya kawaida hulenga umbali mmoja na haibadiliki anaposoma karibu.

Ndiyo maana uchunguzi haupaswi kuishia kwenye kumulikwa tochi. Uchunguzi uliokamilika huanza kwa kusoma ubao wa herufi, au ubao wa alama ya E kwa asiyejua kusoma, bila miwani, kisha kwa miwani au kwa kuchungulia kitundu kidogo. Uono ukipanda sana kupitia kitundu hicho, huenda dawa ni miwani. Hufuata kupima presha ya jicho, kisha kuweka matone ya kupanua mboni ili daktari auone utando wenyewe kwa darubini na kuikagua retina iliyo nyuma yake. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa pale kliniki inapofurika watu, nayo ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu mtu huweza kuwa na utando na pia retina iliyoharibika na kisukari. Akifunguliwa utando pekee, ataona tofauti ndogo na atasema leza imeshindwa.

Muulize daktari kwa upole lakini bila kuona haya: “Daktari, utando nilio nao unatosha kueleza namna ninavyoona vibaya, au kuna jambo jingine nyuma yake?” Daktari mzuri hatachukizwa na swali hilo. Utando unaoonekana kwenye darubini lakini haumsumbui mgonjwa hauna haja ya kupigwa leza; tiba hufanywa pale uono ulipopungua kiasi cha kuzuia kazi, kusoma, kuendesha gari au kutembea salama, au pale utando unapomzuia daktari kuiona retina ya mgonjwa wa kisukari anayepaswa kufuatiliwa.

Madaktari wengi pia hupenda kusubiri angalau miezi mitatu tangu siku ya upasuaji, ili jicho litulie na lenzi bandia ishike vizuri katika kifuko chake. Lipo jambo moja ambalo wagonjwa huelezwa kwa nadra: utando ukishafunguliwa, kuibadilisha lenzi bandia kunakuwa kugumu na kwa hatari zaidi. Kama hukuridhika na lenzi tangu siku ya kwanza, kwa mfano unaona duara za mwanga zisizokwisha au nguvu ya lenzi haikukufaa, liseme jambo hilo kabla ya leza, si baada yake.

Leza si moja

Mgonjwa akisikia neno leza, mara nyingi hudhani ni mashine moja inayotibu kila kitu, na kutoelewana huko huwapotezea watu nauli. Leza inayofungua utando huitwa leza ya YAG. Chanzo chake ni fuwele iliyotengenezwa kwa yitriamu na alumini na kutiwa kiasi kidogo cha neodimiamu, na mwanga wake, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, hauonekani kwa macho. Haichomi. Hutoa pigo la nanosekunde chache, yaani sehemu chache za bilioni moja za sekunde, na nguvu yote ikikusanyika katika nukta moja hutokea mlipuko mdogo sana unaoupasua utando mahali palepale ulipolengwa.

Leza inayotumiwa kwa wagonjwa wa kisukari ni nyingine. Hiyo huchoma sehemu za retina ili kuzuia mishipa mibaya isiote. Leza ya kurekebisha konea, yaani tabaka angavu la mbele ya jicho, ili mtu aache miwani ni nyingine pia. Leza ya YAG haiondoi mtoto wa jicho, kwa hiyo mzee ambaye bado hajapasuliwa asidanganywe na yeyote kwamba atatibiwa kwa leza hiyo badala ya upasuaji.

Kabla ya mashine hizi kuwapo, utando ulifunguliwa kwa kuingiza sindano au kisu kidogo ndani ya jicho, pamoja na hatari zote za kulifungua jicho upya. Danièle Aron-Rosa mjini Paris na Franz Fankhauser mjini Bern, Uswisi, ndio walioifikisha leza ya YAG kwenye tiba ya macho karibu na mwaka 1980, na tangu hapo kisu kimebaki kwa hali chache tu, kama vile utando mnene mno au mtoto mdogo asiyeweza kutulia.

Kutafuta mahali na kujiandaa

Mashine ya leza ya YAG ni ghali, huhitaji umeme wa uhakika na mtaalamu wa kuitunza, kwa hiyo haipatikani katika kila hospitali ya wilaya, na kwa kawaida haisafiri na kambi za macho. Huu ndio ugumu mkubwa kwa watu wa vijijini: mzee alipasuliwa shuleni au kwenye zahanati ya kijiji wakati wa kambi, bure, kisha miaka miwili baadaye tiba ya dakika tano inamtaka asafiri hadi mjini. Mahali pa kuanza kuuliza ni idara za macho za hospitali kubwa za rufaa na hospitali maalumu za macho: kwa Tanzania, Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi au Bugando jijini Mwanza, kwa Kenya, kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta au hospitali ya macho ya Sabatia iliyoko Vihiga. Mratibu wa huduma za macho wa mkoa au kaunti naye hujua mashine iliyo karibu zaidi.

Piga simu kabla ya kupanda basi. Uliza mambo haya waziwazi: je, mashine ya leza ya YAG inafanya kazi wiki hii, daktari anayeitumia yupo siku zipi, uchunguzi na leza hufanywa siku moja au mbili tofauti, na gharama yote ni kiasi gani pamoja na vipimo, matone na marudio. Kama una bima, iwe NHIF ya Tanzania, SHA ya Kenya au bima binafsi, uliza kama leza yenyewe imo katika orodha ya huduma zinazolipiwa na kama rufaa inahitajika, kwa maana kulipiwa upasuaji wa kwanza hakumaanishi kwamba leza nayo italipiwa. Anayetoka mbali aombe uchunguzi na tiba vifanyike siku moja. Hospitali nyingi hukubali zikijua mapema.

Beba kadi au cheti cha upasuaji wa awali kinachoonyesha tarehe, jicho lililopasuliwa na aina ya lenzi iliyowekwa. Beba dawa zote unazotumia, pamoja na zile za presha, kisukari na glakoma, na mweleze daktari kama uliwahi kuwa na uvimbe ndani ya jicho, retina kubanduka, au kama kabla ya upasuaji ulivaa miwani minene ya kuonea mbali. Usiache dawa yoyote, hata zile za kufanya damu isigande, isipokuwa daktari akuagize. Kula na kunywa kama kawaida, hasa mwenye kisukari, kwa kuwa hakuna ganzi ya kulazwa usingizi. Osha uso na usipake wanja wala vipodozi vya macho siku hiyo.

Anayefunga Ramadhani huwa na wasiwasi kuhusu matone. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, jicho halihesabiwi kuwa tundu la wazi la kufika ndani ya mwili, na matone hayabatilishi saumu. Mwenye shaka amuulize sheikh wake mapema, asije akaacha kuweka dawa kimyakimya. Nenda na mtu wa kukusindikiza, beba miwani ya jua au kofia pana, na usiende ukiendesha gari, pikipiki wala baiskeli, kwa sababu mboni itabaki imepanuka kwa saa kadhaa na jua la mchana litakuumiza.

Kuna jambo moja ambalo lisifanywe kabisa wakati wa kusubiri miadi: kutia jichoni maji ya majani, asali, maziwa ya mama, au dawa yoyote ya kienyeji kwa nia ya kuuyeyusha utando. Utando upo ndani kabisa, nyuma ya lenzi bandia, na hakuna tone lolote, la kienyeji wala la duka la dawa, linaloweza kuuondoa. Dawa hizo huishia mbele, kwenye konea, na huko huleta vidonda na makovu ambayo leza ya YAG haiwezi kuyatibu.

Chumbani siku ya leza

Utasomewa maelezo na kuombwa utie sahihi au dole gumba. Hakikisha jicho lililoandikwa ni lile linalokusumbua. Muuguzi ataweka matone ya kupanua mboni, na kwa kawaida husubiriwa dakika 20 hadi 30 mpaka yafanye kazi. Huenda akaweka pia tone la kuzuia presha ya jicho isipande. Mwishoni huwekwa tone la ganzi linalowasha kwa sekunde chache, kisha uso wa jicho hauhisi tena kuguswa.

Mashine yenyewe inafanana na ile uliyopimiwa. Unakaa kwenye kiti, unaweka kidevu kwenye kikalio chake na kulisogeza paji la uso mpaka liguse mkanda wa mbele. Bibi mmoja mwenye wasiwasi atamuuliza muuguzi, “Nikikohoa je, mwanangu?” na jibu sahihi ni hili: “Usiogope, bibi. Ukitaka kukohoa inua mkono kwanza, daktari ataacha, kisha utarudi taratibu.” Hilo ndilo sharti kubwa la kazi hii. Usirudishe kichwa nyuma ghafla, usizungumze huku kidevu kikiwa kwenye mashine, na jicho lisilotibiwa litazame taa ndogo utakayoonyeshwa. Mara nyingi daktari huweka juu ya jicho lenzi maalumu yenye ute mzito, ambayo huzuia kope kufumba na huukusanya mwanga vizuri. Utahisi shinikizo dogo na ubaridi, si maumivu.

Kwa kuwa miali ya leza haionekani, daktari hulenga kwa nukta nyekundu za mwanga. Huzilenga nyuma kidogo ya utando ili mapigo yasiache alama kwenye lenzi bandia. Huanza na nguvu ndogo, karibu milijuli 1 kwa pigo, na huongeza iwapo utando ni mnene. Utasikia mlio mdogo kama wa kidole kinapodonoa meza, na kila mlio utaona mwako mfupi. Mapigo huweza kuwa kumi au makumi kadhaa, hadi kitundu cha milimita 3 hadi 4 hivi kifunguke katikati ya utando, sawa na njia ya mwanga kupitia mboni. Kingo za utando hubaki na kuendelea kuishikilia lenzi. Kazi nzima huchukua takriban dakika tano, na hakuna bandeji.

Baada ya hapo utaombwa usubiri saa moja hivi ili presha ya jicho ipimwe tena, hasa kama una glakoma. Tafadhali usiondoke kwa sababu basi linakaribia kuondoka. Presha hupanda zaidi katika saa za mwanzo baada ya leza, mara nyingi bila maumivu yoyote ya kukuonya, na kwa jicho ambalo mshipa wake wa fahamu tayari umedhoofika na glakoma, kupanda huko kwaweza kuleta madhara yasiyorekebishika. Presha ikionekana kuwa juu, hushushwa kwa matone au vidonge hapohapo.

Siku zinazofuata

Saa chache za kwanza uono utakuwa na ukungu kwa sababu ya matone na mwanga mkali wa mashine. Kwa wengi nuru hurudi jioni ileile au kesho yake asubuhi, na wengine huchukua siku kadhaa. Vidoa vichache vinavyoelea kama nzi wadogo ni mabaki ya utando uliopasuliwa, na hupungua katika siku na wiki zinazofuata. Unaweza kuoga, kusali, kuinama, kupika na kurudi kazini kesho yake, kwani hakuna kidonda cha kufunguka.

Ukipewa matone ya kuzuia uvimbe, ambayo kwa kawaida hutumika kama siku saba, yamalize kama ulivyoelekezwa, na usimgawie jirani chupa iliyobaki; mengi ya matone hayo yana steroidi, ambayo ikitumiwa ovyo hupandisha presha ya jicho na huweza kulipofusha taratibu. Mwenye dawa za glakoma aendelee nazo bila kuruka hata siku moja.

Kwa wagonjwa wengi tiba hii ni salama, lakini hatari zake ni za kweli na mgonjwa anastahili kuzijua. Mbali na presha kupanda, jicho huweza kuvimba ndani, sehemu ya katikati ya retina huweza kujaa maji na kufanya maandishi yapindepinde, na lenzi bandia huweza kupata vialama vidogo ambavyo kwa kawaida havisumbui. Hatari inayohitaji uangalifu wa muda mrefu ni retina kubanduka. Hutokea kwa wachache, zaidi kwa wale waliokuwa na tatizo kubwa la kutoona mbali na kwa walio na umri mdogo, na huweza kutokea hata miezi mingi baada ya leza. Mfundishe na mtu unayeishi naye zile dalili tatu zilizotajwa awali: mimweko ya mwanga, mvua ya vidoa vyeusi, na pazia linaloziba sehemu ya uono. Maumivu makali yenye kichefuchefu nayo hayangojwi hadi kupambazuke.

Rudi kwenye miadi hata kama unaona vizuri. Wakati huo daktari huikagua retina, ambayo sasa inaonekana waziwazi, na mara nyingine hugundua kisukari au glakoma iliyokuwa imejificha nyuma ya ukungu. Miwani mipya ipimwe wiki chache baadaye, jicho likishatulia. Utando uliofunguliwa hauzibi tena kwa watu wazima isipokuwa kwa nadra sana, hivyo ukungu ukija tena baada ya leza iliyofanikiwa, chanzo kingine kitafutwe badala ya kuomba leza ya pili. Jicho la pili, kama nalo lilipasuliwa, huwa na ratiba yake lenyewe, na halina haja ya kupigwa leza kwa sababu tu la kwanza lilipigwa.

Mtoto mdogo aliyepasuliwa

Kwa watoto, mambo haya yote huenda kwa kasi. Seli zao huzaliana haraka kiasi kwamba ukuta wa nyuma ukiachwa mzima, utando huota karibu kwa kila mtoto mchanga. Kwa hiyo wapasuaji wa watoto hufungua ukuta huo na kuondoa sehemu ya ute ulio nyuma yake katika upasuaji uleule wa kwanza, na bado baadhi ya watoto huziba tena. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kutulia kwenye kikalio cha kidevu, na mara nyingi atahitaji kulazwa usingizi ili utando ufunguliwe chumba cha upasuaji.

Mzee anaweza kusubiri mwezi mmoja akitafuta nauli, na atakapotibiwa ataona kama zamani. Mtoto hana nafasi hiyo, kwa sababu ubongo wake bado unajifunza kuona, na jicho lililozibwa katika miaka ya mwanzo hubaki kuwa jicho vivu hata likifunguliwa baadaye. Mzazi akiona weupe umerudi katikati ya mboni, jicho linaanza kukengeza, au mtoto anakaribia televisheni kuliko alivyokuwa akifanya baada ya upasuaji, ampeleke kwenye hospitali iliyompasua wiki hiyohiyo, hata kama tarehe ya miadi iliyoandikwa kwenye kadi bado iko mbali.